Nani kala dagaa wa Tanganyika: nyavu au joto?

Usiku wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hautoki, ukisimama mahali pa juu Kigoma mjini ukatazama ziwani, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Taa zimetapakaa kuelekea upande wa Kongo hadi macho yanachoka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zinavuma kama nyuki. Siku hizi nyingi ni balbu za betri na sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanajaa chini ya taa, wavu unainuliwa. Mwezi ukipevuka taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, basi wavuvi wanaanika nyavu na kupumzika mpaka giza lirudi.

Taa zimeongezeka. Sensa ya wavuvi ya mwaka 1995 katika nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ilihesabu takriban wavuvi 45,000. Ile ya 2011 ilipata takriban 95,000. Lakini ukimuuliza mvuvi yeyote pale Kibirizi au Katonga, atakwambia dagaa na migebuka wa leo si wale wa zamani. Kwa nini?

Hapo ndipo redio inapotuchanganya. Leo mtangazaji anasema, "Wataalamu wamebaini kuwa samaki wanapungua kutokana na mabadiliko ya tabianchi." Wiki ijayo, sauti ileile: "Wataalamu wamesema samaki wanapungua kutokana na uvuvi usiofaa." Wote ni wa vyuo vikuu, wote wana shahada za uzamivu, wote wamefika Kigoma na wamelala humo. Msikilizaji anabaki kuchagua kama anavyochagua timu ya mpira, na mara nyingi anachagua jibu ambalo halimgusi yeye.

Ubishi huu una zaidi ya miaka 20 na umeandikwa katika majarida makubwa ya sayansi duniani. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha kitu ambacho taarifa za habari hazikisemi: hakuna mtu anayeitwa "mtaalamu wa mabadiliko ya tabianchi" kwa jumla jumla hivyo. Kuna msoma tope, kuna mpima joto la maji, kuna mhesabu samaki, kuna mkemia. Kila mmoja ana swali lake dogo, na ukimpa swali la mwenzake atababaika kama sisi tu.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa wanagombania nini.

Chukua ndoo ya maji ya kuoga, maji ya baridi. Mimina juu yake maji ya moto kwa utaratibu, usikoroge. Ingiza mkono: juu kunachoma, chini kuna baridi, na mpaka wa kati unausikia kabisa kwenye ngozi. Ukiacha hivyo yatakaa hivyo muda mrefu, kwa sababu maji ya moto ni mepesi na ya baridi ni mazito. Ziwa Tanganyika ni ndoo hiyo, ila kina chake kinafika mita 1,470 na kwenda chini kabisa maji hayajawahi kukorogwa vizuri kwa muda mrefu mno. Juu maji yana nyuzi kama 25 hadi 27 za Selsiasi, chini yanakaribia 23. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuligawa ziwa pande mbili. Upande wa kaskazini, ukivuka kama mita 100 kwenda chini hakuna oksijeni. Kusini unaweza kufika kama mita 200. Chini ya hapo samaki hawaishi. Kwa hiyo ziwa hili kubwa, lenye takriban sehemu moja ya sita ya maji yote baridi ya juu ya ardhi duniani, kwa samaki ni kama nyumba ya ghorofa 10 ambayo wapangaji wanaruhusiwa ghorofa ya juu tu.

Sasa chakula kiko wapi? Kiko chini. Kila kiumbe kinachokufa huzama na rutuba yake. Mwani, vile vijimea vidogo vinavyoelea na ambavyo ndivyo mwanzo wa mlo wote ziwani, vinahitaji jua lililo juu na rutuba iliyo chini. Anayewakutanisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma ukisukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini hupanda kujaza nafasi na kuja na rutuba. Upepo ukitulia, ziwa zima huyumba kama maji kwenye beseni lililobebwa, polepole kwa wiki kadhaa, na kuyumba huko nako hukoroga kidogo. Mwani huchanua, vijidudu vinavyokula mwani huongezeka, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa, na sisi tunakula wote wawili.

Bado jambo moja la kifizikia ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililowashtua wanasayansi. Uzito wa maji haubadiliki kwa kiasi kilekile kila joto linapopanda nyuzi moja. Maji ya nyuzi 4 yakipanda hadi 5, uzito unabadilika kidogo sana. Ya nyuzi 24 yakipanda hadi 25, badiliko ni kama mara 30 ya lile. Kwa hiyo nyuzi moja ya joto katika ziwa la Ulaya na nyuzi moja Kigoma si kitu kimoja. Maji ya juu ya Tanganyika yakipata joto kidogo tu zaidi ya yale ya chini, yanakuwa mepesi kiasi cha upepo kushindwa kuyakoroga kama zamani. Ziwa la kitropiki halihitaji kuchemka ili liumie.

Mwaka 2003, Julai na Agosti, makundi mawili yalitoa matokeo karibu kwa pamoja. Moja liliongozwa na Piet Verburg akiwa na Robert Hecky wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Jingine liliongozwa na Catherine O'Reilly, na ndani yake alikuwamo Andrew Cohen, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona ambaye kwa miaka alikuwa akileta wanafunzi wa Kimarekani na wa Kiafrika Kigoma kila msimu wa kiangazi kufundishwa utafiti wa ziwa. Makundi yote mawili yalisema: ziwa limepata joto, halikorogeki kama zamani, na uzalishaji wake umeshuka.

Walijuaje limepata joto? Kwa bahati, kuna Wazungu waliotumbukiza vipimajoto humo mapema. Mbelgiji Louis Stappers alipima mwaka 1912 na 1913. Jina lake mnalo mezani bila kujua: jina la kisayansi la mgebuka ni Lates stappersii, kwa ajili yake. Wengine walipima miaka ya 1930 na baadaye. Ukipanga vipimo hivyo na vya karibuni, maji ya juu yamepanda, na hata kule chini kusikofikwa na jua joto limepanda kwa kama theluthi ya nyuzi moja.

Kundi la Verburg lilikuwa na ushahidi mwingine ninaoupenda kwa urahisi wake. Kuna mwani wa aina fulani unaojijengea magamba ya kioo, kwa hiyo hula silika iliyoyeyuka kwenye maji. Walipopima silika ya tabaka la juu waliikuta imeongezeka kuliko zamani. Wali ukibaki sufuriani, hujauliza mpishi kapika kiasi gani. Umeshajua walaji wamepungua. Na maji nayo yalikuwa maangavu zaidi. Mtalii atafurahia ziwa angavu. Kwa dagaa, uangavu ni njaa.

Kundi la O'Reilly wao walisoma tope, na hapa inafaa tukae kidogo.

Bomba refu hushushwa kwa kamba mpaka chini, linadidimia kwenye tope, linavutwa juu likiwa limejaa. Likipasuliwa katikati kwa urefu, unaona kitu kama keki: mistari myembamba, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Mweupe ni magamba ya kioo ya ule mwani, yaliyoanguka kwa wingi msimu wa upepo. Mweusi ni takataka za msimu wa mvua. Katika maziwa mengi minyoo na wadudu huvuruga mistari hiyo. Tanganyika, kwa kuwa chini hakuna oksijeni, hakuna mnyoo wa kuivuruga. Ukosefu uleule wa hewa unaowanyima samaki makazi ndio ulioitunza kumbukumbu. Umri wa kila tabaka hupimwa kwa madini ya risasi ya mionzi kwa miaka ya karibuni, na kwa kaboni kwa miaka ya mbali.

Ndani ya tope wakapima kaboni. Kaboni ina aina mbili zisizooza, nyepesi na nzito. Mwani ni mchaguzi kama mtoto mbele ya sahani: huanza na nyepesi. Ukiwa mwingi na wenye njaa, nyepesi hupungua na unalazimika kula nzito. Kwa hiyo tope lenye kaboni nzito zaidi linaashiria mwani mwingi. Tope lenye nyepesi zaidi linaashiria mwani mchache. Tope la miaka ya karibuni lilikuwa linaelekea kwenye wepesi. Wakakadiria uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba kushuka huko kungeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Lakini hapo pana mtego. Makaa ya mawe na mafuta tunayochoma yametokana na mimea ya kale, kwa hiyo moshi wake una kaboni nyepesi. Hewa ya dunia nzima imekuwa nyepesi kwa sababu hiyo, na hewa hiyo huingia ziwani. Usipoitoa hesabu ya moshi, utadhani mwani wa Kigoma umepungua kumbe unasoma viwanda vya Ulaya na Marekani. Waliitoa. Na suala la kuitoa kwa usahihi gani likawa jambo la kuandikiwa karatasi nyingine baadaye. Ninalitaja kwa sababu ndiyo kazi halisi ya utaalamu, na ndiyo sehemu inayokatwa kwanza habari ikifika redioni.

Haya, upande wa pili. Kuanzia mwaka 1992 kulikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa hili uliosimamiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ufini. Kati ya waliofanya kazi humo ni Jouko Sarvala wa Chuo Kikuu cha Turku. Hawa walikuwa wahesabu samaki. Waliwafuata samaki kwa vyombo vya mwangwi, wakapima mayai na vifaranga, wakakusanya takwimu za mialoni, yaani pale samaki wanaposhushwa pwani. Makadirio ya mavuno kwa mwaka 1995 yalikuwa kati ya tani 165,000 na 200,000. Mwaka 2006 Sarvala na wenzake wakaandika jibu lisilo na kificho: kupanda na kushuka kwa mavuno ya Tanganyika kunaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko tabianchi.

Hoja yao si ya kubeza. Mavuno si sawa na samaki. Mavuno ni samaki mara nyavu mara mafuta mara usalama. Meli za uvuvi mkubwa zilizoanza Burundi miaka ya 1950 zilizorota, nyingine zikahamia Zambia. Ukitazama takwimu za Burundi peke yake utasema samaki wamekwisha, kumbe wavuvi ndio wamehama. Vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 na Kongo mwaka 1996 vilivuruga uvuvi na vikamvuruga pia karani wa mwaloni anayehesabu. Kule Zambia dagaa walipungua kwenye nyavu za meli na migebuka wakatawala, jambo ambalo linaweza kuelezwa na nani kala nani bila kumtaja joto. Na dagaa mwenyewe anaishi kama mwaka mmoja tu. Kiumbe anayezaliwa na kufa upesi hivyo anapanda na kushuka sana hata ziwa likiwa zima.

Unaona walipopishana? O'Reilly na wenzake waliuliza: je, ziwa lina uwezo wa kuzalisha kama zamani? Sarvala na wenzake waliuliza: je, takwimu za mavuno zinathibitisha kwamba halina? Mtu anaweza kujibu "hapana" kwa maswali yote mawili bila kujipinga. Jikoni kunaweza kuwa na unga pungufu na, wakati huohuo, idadi ya sahani zilizotoka isikwambie chochote kuhusu unga.

Hatua zilizofuata zilikuwa za msoma tope tena. Mwaka 2010 Jessica Tierney, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na James Russell na wenzao, walitumia tope lililochukuliwa karibu na Kalya, kusini mwa Mahale. Kuna vijidudu vinavyobadilisha muundo wa mafuta ya ngozi yao kulingana na joto la maji. Vikifa, mafuta hubaki kwenye tope kama kipimajoto kilichozikwa. Wakaona joto la ziwa la mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kufikiwa katika miaka 1,500 iliyotangulia, na kwamba vipindi vya joto viliendana na uzalishaji mdogo.

Kisha mwaka 2016 Cohen na wenzake wakatoa kile ambacho kwangu ndicho jibu la maana zaidi kwa Wafini. Badala ya kuhesabu samaki mwaloni, walihesabu mifupa, meno na magamba ya samaki ndani ya tope. Mabaki hayo yanaanza kupungua tangu karne ya 19, kabla meli ya kwanza ya uvuvi wa kibiashara haijatia nanga. Huwezi kumlaumu mvuvi wa 1950 kwa upungufu ulioanza babu yake hajazaliwa. Zaidi ya hayo, walikadiria kuwa tangu 1946, katika sehemu walizochunguza, eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38, hasara kwa konokono na viumbe wengine ambao hakuna mtu anayewavua.

Je, mjadala umeisha? Kuhusu joto na uwezo wa ziwa, kwa maoni yangu umeelemea upande mmoja. Kuhusu mavuno ya leo, haujaisha, na sioni uaminifu katika kuutangaza umeisha. Ziwa lenye uwezo pungufu likiongezewa wavuvi mara mbili ndani ya miaka 16, na makokoro, zile nyavu za kukokotwa hadi ufukweni, yanayozoa mpaka vifaranga, halihitaji mshtakiwa mmoja. Ila nimeona jinsi kila jibu linavyopata rafiki wake. Kiongozi asiyetaka kugusa makokoro hukimbilia tabianchi, kwa sababu tabianchi haipigi kura. Naye mfadhili asiyetaka kuzungumzia moshi wa kwao hukimbilia uvuvi haramu, kwa sababu mvuvi wa Kigoma hana wakili Geneva.

Na msidhani utaalamu wote unashuka na ndege. Mwaka 2007 Ismael Kimirei wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na Yunus Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wa namna hali ya mazingira inavyoendana na kupanda na kushuka kwa dagaa eneo la Kigoma kwa misimu. Ni kazi isiyo na kichwa cha habari cha kuvutia, ila ndiyo inayomgusa mchuuzi: lini, upepo gani, samaki gani. Tatizo la kazi ya namna hii ni kwamba inataka kurudiwa mwaka hadi mwaka, na fedha za utafiti hupenda safari ya miaka mitatu yenye mwanzo na mwisho. Tope linasubiri, linaweza kuvutwa leo likasimulia miaka 1,500. Dagaa wa mwezi uliopita hawasubiri. Asipokuwapo wa kuwapima mwaloni siku ile, taarifa yao imekwisha kaangwa.

Hilo linaonekana wazi kwenye jambo la karibuni. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na majirani zake, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila taa. Wenye mitumbwi walilalamika, wengine wakasema potelea mbali, tuone. Sasa tazama kalenda tena: Mei hadi Agosti ni msimu wa kusi. Ndiyo miezi ileile ambayo upepo unakoroga ziwa na kupandisha rutuba, na chakula cha dagaa huongezeka baada yake hata kama hakuna aliyefunga chochote. Nyavu zikirudi na kujaa, nani apewe sifa, likizo au upepo? Zikirudi tupu, nani alaumiwe, walioiba usiku au kusi lililokuwa dhaifu mwaka huo?

Swali hilo linajibika. Linahitaji vipimajoto vilivyofungwa kwenye kamba kuanzia juu hadi mita 200 za kina, vikiandika kila saa, kusini na kaskazini, pamoja na karani mwenye daftari katika kila mwalo mkubwa wa nchi zote nne, miaka kumi mfululizo, wakati wa kufunga na wakati wa kufungua.